Mtumwa wa Sahara, Mganga wa Karema

Mateso hayana nyumba yasiyoijua. Huingia kwa tajiri na kwa maskini, kwa msomi na kwa asiyejua kusoma, na yakiisha kuingia humtaka kila mtu aseme atayachukua kwa nguvu gani. Tangu kale wanadamu wamejibu kwa njia mbili. Wengine hushika falsafa, yaani nguvu ya akili inayopima mambo na kuutawala moyo. Wengine hushika imani, yaani sala, Sakramenti na tumaini la uzima wa milele. Vijana wetu walio katika shule za sekondari na vyuo vikuu huulizana mara nyingi ni ipi katika njia hizi mbili imfaayo zaidi mtu mwenye kuteseka. Wazazi nao wakisikia, huogopa kwamba kuuliza hivyo ni dalili ya kupoteza imani. Sivyo. Swali ni jema, na Kanisa halikulikimbia kamwe.

Huko Kakonko, katika nyanda za juu za Kigoma, swali hili si la darasani tu. Wazee wa Kakonko, Kibondo na Kasulu wamerithi habari za malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, uliowafanya watawala wa Kiingereza katika miaka ya 1930 kuwahamisha watu wengi wa Buha kutoka katika vijiji vyao na kuwakusanya mahali pamoja. Baadaye walikuja wageni wenye majonzi kutoka ng'ambo ya mpaka, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na ya 1993, na fujo za 2015. Kambi ya Mtendeli, katika Wilaya ya Kakonko, iliwapokea maelfu yao tangu 2016 mpaka ilipofungwa mwaka 2021. Nchi iliyoona hayo yote haiwezi kuridhika na jibu jepesi.

Hata majina ya watu wa sehemu zile yanalihubiri swali hilo. Waha, kama ndugu zao Warundi, humwita Mwenyezi Mungu kwa jina la Imana. Mtoto mmoja huitwa Bigirimana, maana yake mambo yote yako mikononi mwa Mungu. Mwingine huitwa Hakizimana, maana yake aponyaye ni Mungu. Lakini ikiwa aponyaye ni Mungu, mganga ana kazi gani? Na ikiwa yote yako mikononi mwa Mungu, akili tuliyopewa ni ya nini? Ili kupata jibu, yafaa tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyeishi miaka mingi kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa kusini wa nchi hiyo ya Waha. Mtu huyo ni Adrian Atiman, mganga na katekista wa Karema.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kijiji cha Wasonghai karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo huitwa Mali. Alikuwa angali mtoto mdogo wakati Watuareg wenye kufanya biashara ya watumwa walipomkamata. Wakamtenga na wazazi wake, wakamvusha jangwa kubwa la Sahara. Msomaji aliye mzazi na aweke kitabu chini kidogo na kufikiri. Mtoto wa umri wa kutumwa maji kisimani anachukuliwa, haelewi kosa lake, hajui aendako, na kila asubuhi mchanga ni ule ule na kijiji chake kiko mbali zaidi kuliko jana. Alifikishwa kusini mwa Algeria, na huko, yapata mwaka 1876, Mapadre Weupe wakamnunua ili kumkomboa.

Shirika la Mapadre Weupe lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Lavigerie alikuwa na shabaha ambayo wengi wa wakati wake waliiona ngeni. Aliona kwamba wamisionari wa Ulaya walikuwa wakifa kwa homa katika bara la Afrika, na kwamba Injili haitatia mizizi mpaka ihubiriwe na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo alikusudia kuwachagua vijana wenye akili miongoni mwa waliokombolewa utumwani, awafundishe uganga na dini, kisha awapeleke katikati ya Afrika, wakaoe, wakae pamoja na watu, waponye miili na kufundisha katekisimu. Mwaka 1881 alifungua nyumba kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta, nao wakasoma katika Chuo Kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao.

Miaka ipatayo saba kijana huyu alisoma Malta. Aliyekuwa juzi bidhaa sokoni akakaa darasani pamoja na vijana wa Ulaya, akajifunza maungo ya mwili, dawa na upasuaji. Twaweza kudhani kwamba wakati huo alijiuliza mengi juu ya mambo yaliyompata. Wala tusifiche jambo moja: hata baada ya kukombolewa, mambo makubwa ya maisha yake yaliamuliwa na wengine. Wao walimchagulia masomo, wakamchagulia kazi, wakamchagulia na nchi. Wema wao ulikuwa wa kweli, lakini haukuweza kumrudishia mama yake. Kuna majeraha ambayo hata mkombozi mwema hawezi kuyafuta. Aweza tu kumsaidia mtu aendelee kuishi nayo.

Mwaka 1888 masomo yalikwisha. Ni mwaka ule ule ambao Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akiwashtakia watawala na watu wote uovu wa biashara ya watumwa. Wakati Kardinali anasema Ulaya, Atiman alisafiri kuja Afrika Mashariki. Msafara ukatembea kwa miguu kutoka pwani kwenda bara, na mwanzoni mwa 1889 ukafika Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mara ya kwanza alitembezwa akiwa mtumwa, akivuta miguu kwa hofu. Safari hii alitembea akiwa mtu huru, mwenye dawa katika mizigo yake.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakaiacha mikononi mwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Nchi ilikuwa bado na vita na magendo ya wanadamu, na katika misioni walikaa watoto na watu wazima waliokombolewa kama Atiman mwenyewe. Basi wagonjwa wake wa kwanza walikuwa watu ambao alizijua habari zao bila kuambiwa. Mtu akiletwa na alama za minyororo miguuni, mganga hakuhitaji mfasiri wa kumweleza maana yake.

Huko alioa. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Wakapata mtoto wa kiume, Joseph, naye akaitwa na Mungu katika upadre, akapadirishwa mwaka 1923. Baba aliyeibwa kwa wazazi wake akamtoa mwana wake kwa hiari altareni. Kati ya kuibiwa na kutoa kuna tofauti kubwa kuliko umbali wa Tundurma na Karema, na ni vyema wazazi Wakatoliki waikumbuke.

Kazi yake haikuwa ya sifa. Kila siku wagonjwa walimngoja, wenye homa, wenye vidonda, akina mama wenye shida ya uzazi, watu waliojeruhiwa na wanyama au kwa silaha. Hakuridhika na dawa za Ulaya tu, ambazo zilichelewa njiani au hazikufika kabisa. Alijifunza mizizi na majani ya nchi ile, akayapima, akachukua yaliyofaa na kuacha yasiyofaa. Pamoja na hayo alikuwa katekista, akifundisha dini na kuhudhuria Misa kwa uaminifu. Watawala walibadilika mbele ya macho yake. Wajerumani walikuja, wakatwaa nchi, wakaondoka. Waingereza wakashika mahali pao. Bendera zilipanda na kushuka, lakini mganga alikuwa pale pale. Mwaka 1946 maelezo yake juu ya maisha yake yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na katika uzee wake alipewa heshima na Kanisa na hata na watu wa serikali. Alifariki dunia Karema mwaka 1956, baada ya kuwahudumia watu wa ziwa lile kwa miaka 67.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa turudi kwenye swali letu, na kwa ajili ya haki tumweke karibu na Atiman mtumwa mwingine, aliyekuwa bingwa wa falsafa.

Mtu huyo ni Epictetus, aliyezaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristu huko Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Jina lake kwa Kigiriki lina maana ya kitu kilichopatikana, kama mali. Alikuwa mtumwa Roma, tena kiwete. Alipopata uhuru alifundisha falsafa, na Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, alihamia Nicopolis huko Ugiriki, akafungua shule. Mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika mafundisho yake. Kiini cha mafundisho hayo ni kwamba mambo yamegawanyika mara mbili. Yapo yaliyo katika uwezo wetu, yaani hukumu zetu, tamaa zetu na makusudi yetu. Na yapo yasiyo katika uwezo wetu, yaani mwili, mali, cheo na sifa. Mwenye hekima huyashika yale ya kwanza kwa nguvu zote na kuyaachilia ya pili bila manung'uniko, kwa maana kinachomsumbua mtu zaidi ni fikira yake juu ya jambo kuliko jambo lenyewe.

Tusiyadharau mafundisho haya. Yamewasaidia watu wengi kusimama wima, na Marcus Aurelius, aliyekuwa Kaisari, alijifunza kutoka kwa mtumwa huyu. Hata wamonaki wa kale walikitwaa kitabu chake kidogo, wakakibadili hapa na pale, wakakitumia katika monasteri zao. Mtu aliyefukuzwa kazi, au aliyesingiziwa, au aliyeshindwa mtihani, atapata msaada wa kweli akijifunza kutenga yaliyo mikononi mwake na yasiyokuwa mikononi mwake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake Fides et Ratio ya mwaka 1998, aliwafundisha waamini wasiitenge imani na akili.

Tena akili ina kazi moja ambayo maneno ya kidini peke yake hayaifanyi, nayo ni kutafuta asili ya mateso. Malale yalipowaangusha watu, wengi waliwanyoshea vidole majirani zao kwa shutuma za uchawi. Akili ndiyo iliyoonyesha kwamba mwenye hatia ni mbung'o. Jambo hili halijapitwa na wakati. Bado katika nchi yetu wako vikongwe wanaoshutumiwa na hata kuuawa kwa sababu mtoto wa jirani amekufa kwa malaria. Mkristu asalie rozari jioni na kumshuku bibi kizee asubuhi hana imani pungufu tu, bali amekataa pia akili aliyopewa na Muumba. Atiman hakuketi Malta miaka saba bure. Alijua kwamba ikiwa aponyaye ni Mungu, basi Mungu huponya pia kwa mikono iliyojifunza.

Lakini falsafa ina mpaka wake, nao twauona tukirudi jangwani. Mafundisho ya Epictetus yanamtaka mtu mzima, mwenye nafasi na nguvu ya kufikiri, aliyezoezwa kwa muda mrefu. Mtoto anayevutwa katika mchanga hawezi kuupima msiba wake na kuutenga. Vivyo hivyo mgonjwa ambaye homa imemtoa akili, mama aliyezika mtoto leo asubuhi, mzee ambaye kumbukumbu zimemwacha. Hao wahitaji mtu wa kuwashika mkono, kwa kuwa nguvu ya kuwaza imewaishia. Kama wokovu wa mwenye mateso wategemea nguvu ya akili yake mwenyewe, basi wanyonge kuliko wote wamefungiwa mlango.

Upungufu wa pili ni huu. Falsafa ile yamfundisha mtu kuyahesabu hata mambo ayapendayo sana, mke na watoto, kuwa ni vitu alivyoazimwa, ili vikiondoka asivunjike. Ni dawa kali, na mara nyingine hutuliza maumivu kwa kuupunguza upendo. Hata hivyo imesimuliwa kwamba Epictetus mwenyewe katika uzee wake alimchukua na kumlea mtoto aliyekuwa ametupwa. Ikiwa habari hiyo ni kweli, basi moyo wa mwalimu ulikuwa mpana kuliko mafundisho yake, nasi twamheshimu zaidi kwa ajili hiyo.

Imani ya Kikristu haikuanza kwa kumwambia mtu asiumie. Bwana wetu alilia kaburini kwa rafiki yake, akatoka jasho la damu bustanini, akasulubiwa kama mtumwa, kwa maana msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa. Kwa hiyo Mkristu anayeteseka hapewi kwanza maelezo, anapewa Mwenzi. Kisha, kutokana na kuwa na Mwenzi huyo, yeye mwenyewe anatumwa kuwa mwenzi wa wengine. Katika barua Salvifici Doloris ya mwaka 1984, Yohane Paulo wa Pili aliweka pamoja mambo haya mawili: kuyaunganisha mateso yetu na ya Kristu, na kumfuata Msamaria Mwema kwa kutenda mema kwa wale wanaoteseka. Moja bila la pili ni nusu ya Injili.

Hapo ndipo tunapoyaelewa maisha ya Atiman. Mambo ya ndani ya moyo wake ayajuaye ni Mungu. Sisi twaona matendo. Jeraha lake halikufutwa, wala hakuishi miaka 67 akilitazama. Alilifanya kuwa mlango wa kuingilia katika mateso ya wengine. Angeweza kubaki Malta au kutafuta mji wa raha, naye alikaa Karema. Falsafa ingaliweza kumfundisha kutoyajali maovu aliyotendewa, lakini ni upendo uliomfundisha kuyajali yale waliyotendewa watu asiowajua, wa lugha asiyozaliwa nayo, katika nchi iliyo mbali sana na ya kwao.

Basi kwa vijana wetu jibu ni hili. Akili na imani si wapinzani wanaogombea mgonjwa mmoja. Akili itutafutie asili ya ugonjwa, itutulize tusiogope yasiyostahili kuogopwa, ituzuie tusimwonee asiye na hatia. Lakini akili ikiisha kufanya yote iwezayo, hubaki lile swali la mwisho, la kaburi lililofunikwa na kitanda kilicho tupu. Na hapo ni imani peke yake inayoweza kukaa pamoja na mtu hadi asubuhi. Kwa hiyo, tukilazimika kusema ipi yamfaa zaidi mwenye kuteseka, twasema imani, kwa sharti kwamba iwe imani yenye mikono.

Sharti hilo latuhusu sisi sote. Ni rahisi kumwambia aliyefiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, kisha kwenda zetu. Ni rahisi kumwambia mkimbizi avumilie, huku twahesabu siku za kuondoka kwake. Maneno matakatifu yakisemwa na mtu asiyetaka kusumbuka huwa mzigo juu ya mzigo. Atiman alifundisha katekisimu, lakini hakumwacha mtu mwenye kidonda akisubiri ili somo liishe vizuri. Akina baba na akina mama, wafundisheni watoto wenu kusali kwa ajili ya mgonjwa, kisha watumeni wampelekee uji. Ninyi wanafunzi, someni falsafa bila woga. Na mkiisha kusoma, nendeni mkamkalie mtu mmoja anayeumwa, hata kama hamna la kumwambia. Na katika parokia za Kakonko, Kibondo na Kasulu, ambako machozi ya wenyeji na ya wageni yamechanganyika kwa muda mrefu, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na zijiulize kila juma ni nani katika kitongoji anayelala peke yake na maumivu yake, kisha zimwendee.

Mwenyezi Mungu ampe mtumishi wake Adrian Atiman raha ya milele, na atupe sisi akili ya kujua na moyo wa kukaa na wanaoteseka.